Kopo Lisilo na Kifuniko

Gharama ya aibu yangu ni hii: nusu dumu ya mawese, sare ya polisi mmoja, na binti ambaye hadi leo ananisalimu kama anavyosalimiwa mtoza ushuru. (Nimehesabu mara mbili, hakuna kilichosahaulika.)

Masika, binti yangu wa kwanza, alichaguliwa kueleza mbele ya wazazi, shuleni kwake Kasese, jinsi seli inavyohamisha mafuta kutoka chumba kimoja cha ndani hadi kingine, na akifaulu angeiwakilisha shule mashindanoni. Ndani ya seli ni majimaji, akanifundisha, na mafuta hayapatani na maji, kwa hiyo kuna protini yenye mfuko na kifuniko: inachota mafuta kwenye utando unaozunguka chumba hiki, inajifunika, inavuka, inafunuka kwenye utando wa kile. Ili aonyeshe hayo ndani ya beseni la maji, akaniagiza nimletee kutoka soko la Bwera, mpakani, mawese na kopo lenye kifuniko.

Sokoni mama muuzaji akasema, "Kifuniko iko na bei yake, baba." Mimi, niliyevusha mawese mpakani miaka kumi, ninunue kifuniko kwa safari ya hatua moja ndani ya beseni? Nikachukua mawese na kopo bila kifuniko, nikaondoka kama mshindi.

Nilimkabidhi kopo lenye mawese watu wakiwa wameshaketi ukumbini. Masika akaliangalia, akaliziba kwa kiganja, akalizamisha, akaanza kulivusha, kiganja kikateleza, mawese yakapanda juu na kutanda beseni zima, mekundu. Ningenyamaza ningepona, lakini nilikuwa mstari wa mbele (nilishamwambia kila mtu huyo ni wangu), nikaenda kuyachota kwa mikono huku nikiwaeleza wazazi kwamba seli zingine hufanya hivi hivi, nikaegemea meza, beseni likaishia mapajani mwa afande aliyekuja kumwona mwanawe.

"Mzee. Rudi kiti. Kaa," afande akaniamuru.

Masika akauliza, taratibu, kwenye kipaza sauti: "Baba, kifuniko kiko wapi?"

Nikasema kilikuwa ghali. Ukumbi mzima ukasikia.

Mwalimu amempa nafasi nyingine Ijumaa, lakini Masika amenikataza kufika. Nikaomba mstari wa nyuma, akakataa. Nikashuka hadi kusimama nje ya dirisha, akakataa. Anasema bei ni moja. Kujadiliana bei alijifunza kwangu. Nyinyi mliowahi kukosana na watoto wenu, nishaurini: mtu anaombaje msamaha bila kuomba apunguziwe?