Gwenda na Sentensi Mbili za Mfuata Nyayo

Gwenda Ballinger alifundisha fasihi katika sekondari ya mji wetu wa Coolabarra kwa miaka mingi kuliko mwalimu yeyote niliyemjua. Mimi nilifundisha hisabati katika chumba cha pili, na ukuta uliotutenga ulikuwa wa mbao nyepesi. Masomo yake nimeyasikia kuliko baadhi ya wanafunzi wake, maana wao walikuwa wakitoroka.

Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, Mwiradjuri, yaani mmoja wa wenyeji asilia wa Australia, wa ukoo uliokaa kando ya mto wetu kabla hakujawa na mji. Alizaliwa katika nyumba za bati nyuma ya reli, akaenda Sydney kusomea ualimu, kisha akarudi. Watu walipomuuliza kwa nini alirudi, alijibu kwamba Sydney hakuna mahali pa kuegesha gari.

Kila mwaka darasa lake la mwisho lilisoma hadithi fupi ambayo mji wetu unaihesabu kuwa mali yake. Iliandikwa zamani na mtu aliyepita hapa, na ilitokana na jambo la kweli: msichana mdogo, Elsie, alipotea porini wakati wa mvua kubwa. Katika hadithi, mama yake amesimama mlangoni na taa mkononi. Wanaume wanaingia na kutoka wakiwa wameloa chapachapa. Mvua hainyamazi. Kisha, karibu na mwisho, zinakuja sentensi mbili: "Mfuata nyayo aliletwa. Kabla ya adhuhuri mtoto alikuwa nyumbani." Basi. Hatuambiwi hata jina la huyo mfuata nyayo, mwenyeji asilia kama walivyokuwa wafuata nyayo wa siku zile; kinachofuata ni machozi ya mama, kurasa nne nzima.

Majira ya baridi yakifika, hadithi hiyo husomwa kwa sauti katika ukumbi wa mji. Msomaji hutoka katika uzao wa Elsie, akina mama huleta keki za nazi na chokoleti, na watu hulia palepale walipolia mwaka uliopita.

Gwenda hakuwahi kuwaambia wanafunzi kwamba hadithi ile ni mbaya. Aliwafundisha kutafuta mahali aliposimama msimulizi. Aliwaonyesha jinsi sentensi zinavyorefuka mama anapolia na zinavyokatika ghafla mfuata nyayo anapotajwa. Siku moja aliwauliza kuhusu maneno "pori lilimmeza mtoto". Ni nani anayeliona pori kuwa kinywa?

"Mgeni," alijibu binti mmoja, Kirra, ambaye naye alikuwa Mwiradjuri.

"Mwalimu," akadakia Angus, mtoto wa mwenye duka la vifaa vya shamba, "si wangemwita huyo mfuata nyayo mapema? Hadithi ingekwisha ukurasa wa kwanza, saa hizi tungekuwa tunakula."

Darasa likacheka. Gwenda alimwambia ameuliza swali zuri kuliko yote ya wiki ile, akamtaka alijibu kwa maandishi. Angus akaacha kucheka.

Katika mji mdogo maneno hayakai darasani. Yalipomfikia Neville Haddrick, yalikuwa yamegeuka: Gwenda anawafundisha watoto kuidharau familia yake. Neville alikuwa mfuga kondoo, mjukuu wa Elsie, na yeye ndiye aliyesoma ukumbini tangu mama yake afariki. Alikuja shuleni na pikapu yake, akamwacha mbwa nyuma, akasimama mlangoni kwa Gwenda kofia ikiwa mkononi. Upande wangu wa ukuta niliweka chaki chini, na wanafunzi wangu wakatega masikio.

"Gwen," alisema, maana walisoma pamoja utotoni, "nimeambiwa unawafundisha hawa kwamba hadithi ya bibi yangu ni mbovu."

"Nawafundisha kuisoma. Ingia, Nev, ukae utusomee. Leo mimi sauti imekauka."

"Bado unaamuru watu kama ulivyokuwa kiranja."

"Na wewe bado unatii. Kaa hapo."

Akakaa, akasoma. Lazima niseme, Neville alikuwa msomaji hodari, na hata Angus alitulia. Alipozifikia zile sentensi mbili, Gwenda alimwomba asimame kidogo, akamuuliza msimulizi yuko wapi wakati huo. Neville alifikiri, akasema yuko mlangoni, na mama.

"Na bibi yako yuko wapi?"

"Bado yuko porini."

"Na nani?"

Nilisikia Neville akifunga kitabu. "Na Mjomba Davey," akasema.

Hakuna hata mmoja darasani aliyewahi kulisikia jina hilo. Ndivyo nyumbani kwao walivyomwita yule mfuata nyayo, na Neville akalieleza kwa taabu, kama mtu anayetoa kitu cha nyumbani mbele ya wageni. Bibi yake Elsie, alisema, hakuwahi kuizungumzia ile taa. Alizungumzia gogo lenye uwazi ndani alimojificha, na mtu aliyempata. Mtu huyo hakumvuta atoke. Alimwona amejaa hofu, kwa hiyo akaketi mbali kidogo, akampa mgongo, akaanza kuimba polepole mpaka mtoto akatoka mwenyewe. Alimbeba mgongoni njia nzima huku akimtajia majina ya ndege. Walipofika kwenye uzio wa shamba, alimshusha. Wazungu wakambeba kutoka pale mpaka mlangoni kwa mama yake.

"Haya yote nimeyajua tangu utotoni," Neville alisema. "Nilidhani ni maneno ya jikoni tu. Sikudhani ni sehemu ya hadithi."

Kirra alimuuliza Gwenda kama Davey alikuwa mtu wa kwao. Ingekuwa rahisi kusema ndiyo.

"Sijui," Gwenda alisema. "Baba wa babu yangu alikuwa mfuata nyayo wa polisi, lakini walikuwa wengi, na majina waliyobandikwa na Wazungu yalifanana. Siwezi kumchukua mtu awe wangu kwa sababu tu ningependa iwe hivyo."

Baada ya hapo aliwapa kazi: waandike ile safari ya kutoka kwenye gogo mpaka kwenye uzio. Angus alitaka kuandika kama Davey mwenyewe. Gwenda alimshauri aandike kama mtoto aliyebebwa, ambaye anaona shingo, sikio na majani yanayopita, na asiingie kichwani mwa mtu ambaye hajamkaribisha. Kirra naye alitaka kuandika kama Davey. Gwenda akamtuma akamuulize bibi yake kwanza. Bibi alimruhusu, ila alimkatalia jina moja la ndege, akisema ndege huyo haimbi wakati wa mvua.

Neville alipeleka ombi kwa kamati ya ukumbi kwamba habari za Davey ziongezwe mwaka ule. Kamati ilimjibu kwa upole kuwa ratiba ni ndefu tayari. Hakubishana nao. Usiku wa kusoma ulipofika alisoma kama kawaida mpaka kwenye sentensi mbili, akaweka karatasi chini, akavua miwani. Alilisimulia lile gogo, mgongo na uzio kwa maneno yake, bila mapambo, kisha akavaa miwani akaendelea. Wakati wa chai mama mmoja alimlalamikia kwamba amewaharibia mahali pa kulia. Neville alimpa pole na kujichukulia keki nyingine.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma na Gwenda. Alikuwa ameikasirikia hadithi ile tangu akiwa na miaka kumi na mitano, siku mwalimu wake alipomkemea kwa kuuliza jina la mfuata nyayo. Nilitarajia afurahi. Alikuwa anaangalia mikono yake. Kesho yake, tukiwa chumba cha walimu, aliniambia kilichompata.

"Nilikuwa namfikiria yule mama wa mlangoni," alisema. "Miaka yote hii sikuwahi kumwonea huruma, niliona anamzibia mfuata nyayo nafasi. Jana Nev aliporudi kusoma habari zake nikaona naye hakuambiwa lolote. Mtoto wake alikuwa anaimbiwa, na yeye hakujua."

Kuanzia mwaka uliofuata alilifundisha somo hilo kwa namna nyingine. Alianzia mlangoni kwa mama, akakaa pale muda mrefu, na baadaye tu ndipo alipowaongoza wanafunzi kutoka kwenda porini. Wengine walipata alama nzuri, wengine hawakupata. Kirra sasa ni mwalimu katika mji wa Dubbo.

Gwenda alistaafu magoti yalipoanza kumsumbua. Ana nyumba ndogo karibu na mto, na Jumapili nyingi utaikuta pikapu ya Neville nje, kwa kuwa humletea nyama ya kondoo na kuondoka na kitabu. Neville ameanza kupenda vitabu uzeeni na ana malalamiko mengi. Juzi alirudisha mkusanyo mzima wa hadithi, akaubwaga mezani.

"Hizi hazina mwisho, Gwen. Mtu anatoka nje, anatazama mawingu, imekwisha. Sasa hiyo ni nini?"

"Wewe ukitoka nje hutazami mawingu?"

"Natazama. Lakini simwiti mtu aje anitazame nikitazama."

Gwenda alicheka mpaka akakohoa, akaenda kubandika birika la chai jikoni.