Kizibao Nilichokifua

Sijawahi kufua nguo kwa bidii kama nilivyofua ile, na hakuna nguo iliyoniaibisha kama ile. Hata leo mtu akinisifu kwa usafi, roho inanishtuka.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi kwenye chumba cha mavazi cha kikundi kimoja cha baleti, ghorofani, mtaa wa Columbia Heights, huku ughaibuni. Stesheni ya treni ya chini ya ardhi ilikuwa bado inachimbwa, kwa hiyo nilipanda mabasi mawili kutoka Adelphi na kufika kazini na vumbi la mtaa mzima kwenye viatu. Cherehani nilijifunza kwa masista Morogoro, nikajiona najua. Mzee wa kike aliyesimamia chumba kile alinivua ujuaji huo kwa wiki moja. Nilimwita Bibi tangu siku ya kwanza. Akauliza maana yake, nikamwambia, akacheka na kulipokea jina hilo. Ujanani alicheza baleti yeye mwenyewe, na sasa vidole vyake vilikuwa vimepinda hata kutunga uzi kwenye sindano ilikuwa kazi yangu.

Tulishona huku akinifundisha kwa Kiingereza chake cha taratibu. Zamani, alisema, sketi za wachezaji zilishuka mpaka kwenye vifundo vya miguu, na hakuna aliyejua miguu inafanya nini humo ndani. Akatokea mmoja akazipunguza kidogo ili hatua zake zionekane. Watu wakanuna, kisha wakazoea, akaja mwingine akapunguza tena, hadi sketi ikawa fupi na bapa kama ungo. Na kilichoanzia jukwaani hakikuchelewa kushuka mtaani. Mchana alinivuta dirishani kunionyesha wanawake waliotoka maofisini kwenda kula: huyu na viatu bapa vyenye utepe mdogo mbele, yule na sweta la kuzungusha na kufunga kiunoni, mwingine na fulana iliyombana mwili mzima.

"Wote wamevaa nguo zetu," alisema, "na hakuna hata mmoja anayeweza kuinua mguu."

Bibi alikuwa na mdomo, na mimi nilimpenda kwa mdomo huo huo.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Kabatini mwake kulikuwa na chupa ya vodka, na kila baada ya onyesho niliikuta imepungua. Mimi nimelelewa Kilutheri. Nikajisemea uzee una mambo yake, nikawa nikifungua lile kabati natazama pembeni ili nisimfedheheshe. Sikuuliza.

Mwaka huo mdogo wangu, aliyekuwa akihudumia wazee huko Temple Hills, alikuwa anaolewa. Akanipigia simu.

"Dada, mimi sitaki yale mabega ya puff kama keki. Nataka simple. Juu ibane, no sleeves, halafu neti mpaka chini. Si unashona za baleti? Nishonee hiyo hiyo."

"Na mchungaji je?"

"Nitatupia mtandio mabegani. Dada, please, usianze."

Nilipomweleza Bibi, alifurahi utadhani anaolewa yeye. Akatoa sandukuni kizibao cha zamani cha hariri, ile sehemu ya juu ya vazi inayobana kifua na kiuno, chenye vipande vingi vilivyoungwa pamoja, na vyuma vyembamba ndani ya mishono. Sketi yake ilikuwa imechakaa na kutupwa miaka mingi. Humu ndani hakuna mshono uliozidi huu, alisema. Nikipeleke nyumbani Ijumaa, nikichore, nikirudishe Jumatatu.

"Kirudishe kilivyo," akaongeza.

Sasa, kwetu nani husema vinginevyo? Mwenye nguo anakwambia usijisumbue, na wewe unajisumbua, ndiyo adabu. Mama yangu angeniona narudisha nguo ya watu na jasho la kwapani, angenikana. Jumamosi asubuhi nilikichora kipande kwa kipande. Baada ya chakula nikajaza maji ya moto bafuni, nikamwaga sabuni ya unga.

Ndani, kwenye bitana, palikuwa na vitepe saba vyeupe vilivyoshonwa kimoja chini ya kingine, na kila kimoja kilikuwa na jina lililoandikwa kwa wino. Nilivielewa mara moja. Shule ya bweni niliyosoma, sketi ya kurithi ilikuja na jina la aliyekutangulia, na kitu cha kwanza ulichofanya ni kulisugua lisionekane, usije ukachekwa. Nikamhurumia Bibi. Kwa vidole vile angesugua vipi? Nikachukua mswaki wa zamani na dawa ya madoa, nikashughulikia kitepe kimoja kimoja mpaka vyote vikatakata. Nilikuwa naimba. Kilipokauka nikakitia wanga, nikakipiga pasi, nikakifunga kwenye karatasi laini.

Jumatatu nilimpa kwa mikono miwili. Alifungua karatasi, akanusa, akakigeuza ndani nje. Kisha akakaa ghafla juu ya rundo la neti, kama hakuona kwamba si kiti.

"Umekifua," alisema.

"Ndiyo, Bibi." Nilikuwa natabasamu, Mungu anisamehe.

Hakupiga kelele. Alinieleza polepole mambo ambayo ningeyajua zamani kama ningeuliza. Mavazi haya hayafuliwi. Yananyunyiziwa vodka kuua harufu, kisha yanaanikwa. Ile chupa ilikuwa ya nguo. Na vile vitepe: kila aliyecheza ndani ya kizibao kile aliandikwa humo, na yeye mwenyewe alikuwa wa tatu. Msichana mpya akivalishwa mara ya kwanza, alisomewa majina yote kabla ya kufungwa vishikizo.

Nililia kwa sauti. Nikamwambia nafungasha vitu vyangu.

"Uende wapi?" alisema. "Lete kalamu."

Alifumba macho akaanza kutaja, mimi nikaandika. La kwanza, la pili. La tatu, lake, alilitamka haraka. La nne. Akaruka, akataja la sita na la saba, kisha akarudi kwenye la tano, likakataa kuja. Chini barabarani mashine za stesheni zilikuwa zinaunguruma.

"Alicheza jioni moja tu," alisema mwishowe. "Mwenzake aliumia mguu mchana, ikabidi avae yeye. Karatasi za onyesho zilishachapwa na jina la yule mwingine." Akafikiri. "Alikuwa na sauti nzito. Mikono yake ilinukia machungwa."

Alikumbuka kila kitu isipokuwa jina. Alijaribu herufi baada ya herufi mpaka saa ya chakula ikapita, na mimi nimeshika kalamu. Mahali pekee palipoandikwa kwamba msichana yule aliwahi kucheza palikuwa pale, na mimi nilipasugua kwa mswaki huku naimba.

Hakunifukuza. Alinisaidia hata gauni la mdogo wangu, akikaa pembeni na kunikosoa kila mshono, na harusini watu waliuliza limenunuliwa wapi. Tangu hapo limeazimwa na binamu, na wanakwaya, na marafiki wa marafiki. Kila aliyelivaa namdarizia jina lake kwenye kitepe ndani ya bitana, kwa uzi, si wino. Mdogo wangu ni wa pili. Cha kwanza nimekiacha kitupu, na ninapowafunga vishikizo nawaambia ni cha msichana aliyenukia machungwa.

Nawaambia pia walirudishe lilivyo. Wote hulirudisha limefuliwa na kupigwa pasi. Majina ya uzi yanastahimili, na kile kitepe cha kwanza kila mara kinarudi cheupe zaidi.