Miguu Yenye Tope Muskitini

Nakumbuka Ijumaa moja ya mvua hapa Kadutu, ningali mudogo, meno ya mbele hayajaanza kung'oka. Mengine labda ni marehemu mama aliyenisimulia, siwezi kuapa. Lakini yale maji ya baridi miguuni nayakumbuka mimi mwenyewe.

Mwanangu, juzi ulirudi toka muskitini na hasira kwa sababu walikuambia mutoto wako anasumbua. Ukaapa hutamupeleka tena. Ndiyo maana nakuandikia, hata kama nilisoma kidogo.

Siku ile baba alinishika mukono, tukateremka kile kinjia cha utelezi. Yeye akatawadha, mimi akanisahau. Nikaingia na tope mpaka magotini. Watu waliposujudu, nikaona mugongo wa muzee imamu umeinama pale mbele, nikaupanda. Hakuinuka. Alibaki chini mpaka nikashuka kwa kupenda kwangu.

Sala ilipokwisha tu, Papa Juma, muuza vitenge, akasimama.

"Ni nani ameleta huyu? Hapa ni école maternelle, masomo ya watoto wadogo? Angalieni kanzu ya imamu, iko sawa na njia ya soko!"

Watu wakacheka. Baba hakucheka. "Munisamehe. Hatarudi tena. Na mimi nitasalia nyumbani."

"Hapana, papa, ikaa," imamu akasema. "Papa Juma naye iko na haki."

Akatueleza kwamba wako maulamaa wasiopenda mutoto asiyepambanua mambo aingizwe muskitini, kama anaweza kuuchafua ao kuvuruga wanaosali. Wengine wanaruhusu, kwa sababu Mtume alisali amebeba mujukuu wake wa kike, tena alirefusha sijda kwa ajili ya mujukuu aliyemupanda mugongoni. "Tope ni kosa letu sisi wakubwa," akamaliza. "Mutoto arudi, lakini miguu ioshwe."

Hivyo ndivyo nilivyoelewa. Mimi si sheikh; nikikosea, mwenye elimu anisahihishe.

Ijumaa iliyofuata, baba alisitasita mulangoni. Papa Juma alikuwa pale, ameshika bidoni ya maji.

"Lete miguu hapa, wewe mupanda milima!"

Akainama na kanzu yake nzuri, akaniosha mpaka katikati ya vidole, akinung'unika muda wote. Alifanya hivyo kila Ijumaa ya mvua, mpaka nikajua kujiosha. Leo nikisali nawashukuru wote wawili, aliyenivumilia na aliyenilalamikia. Bila mumoja wao, sijui ningekuwa wapi.

Basi mwanangu, mupeleke mutoto. Muoshe kwanza, mukae karibu na mulango, na akilia utoke naye nje bila kununa. Anayelalamika usimufanye adui. Huenda anaupenda muskiti kama wewe.

Mungu amukuze mutoto wako katika safu ya wanaosali, naye siku moja akuombee. Ijumaa hii munikute mulangoni. Bidoni nimekwisha kuijaza.