Ripoti Niliyoiandika kwa Ajili ya Mpira

Siku hizi wangeniita kocha. Wakati ule, Mwingereza akiwa bado anatawala, nilikuwa mkufunzi wa hesabu katika chuo kidogo cha ualimu cha misheni, nje kidogo ya mji wa Bukoba. Mpira wa kikapu uliniangukia tu. Mmisionari aliyeuleta alikwenda kwao likizo, hakurudi, akawa ameniachia filimbi, mpira mmoja wa ngozi na kitabu cha sheria. Fundi wa mtaa wa Miembeni alitutengenezea pete mbili kwa chuma cha pipa. Uwanja tuliushindilia wenyewe, udongo mwekundu, na wanafunzi walicheza peku.

Kila mwaka tulicheza na vijana wa Kihindi wa mjini. Wao walikuwa na uwanja wa saruji na viatu vya turubai. Kila mwaka walitufunga, na kila mwaka nilirudi chuoni nikiwa nimenyamaza, mke wangu akiwa amejifunza kutoniuliza kitu hadi kesho yake. Niliuchukulia mchezo ule kwa uzito usiofaa. Nasema hivyo sasa. Wakati ule niliona ni bidii.

Kisha akaja chuoni kijana mmoja kutoka kijiji cha Izigo. Baba yake alikuwa mkulima wa migomba na kahawa, mzee wa kanisa, mtu mkali. Kijana mwenyewe alikuwa mrefu, mpole, asiyepaza sauti. Lakini mpira ukimfika mkononi, wenzake wote walianza kukimbia, kwa sababu walijua utawafikia. Mwaka wake wa pili tulishindwa kwa kikapu kimoja tu. Nikajua kwamba mwaka unaofuata tungeshinda. Shida ni kwamba mwaka unaofuata asingekuwepo. Masomo yao yalikuwa ya miaka miwili.

Kabla ya kumaliza, kila mwanafunzi alipelekwa shule ya msingi kufundisha, na mkufunzi mmoja alikwenda kumwangalia. Huyu alipangiwa mimi. Nilikaa nyuma ya darasa nikiwa na karatasi yangu. Alikuwa akifundisha kutoa, kwa buni alizozileta mfukoni kutoka kwao. Watoto walikuwa wameacha madawati wamemzunguka, na mmoja aliyekosea alicheka mwenyewe kabla hajachekwa, akajaribu tena. Sijaona mwanafunzi aliyefundisha vizuri kuliko yule. Niliisikia kengele nikiwa sijaandika neno.

Niliandika jioni ile, nyumbani. Niliandika kwamba hawezi kutuliza darasa, na kwamba sauti yake haina mamlaka.

Mkuu wa chuo, mmisionari mwingine, aliniita ofisini. "Nilidhani huyu ni mzuri," alisema.

"Atakuwa mzuri, Bwana Mkuu. Arudie mwaka mmoja."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Kijana aliposomewa ripoti hakubisha. Alinifuata uwanjani akasema, "Asante, Mwalimu, kwa kunieleza ukweli. Nitajitahidi." Nikampigia filimbi aanze mazoezi.

Mwaka ule tuliwafunga vijana wa mjini, kwenye saruji yao wenyewe. Nilibebwa juujuu. Yeye alisimama pembeni akifunga kidonda cha mguu kwa kitambaa, na aliponiona namtazama aliinamisha kichwa kwa heshima.

Alihitimu, akapewa shule ya vilimani huko Muleba. Miaka mitano baadaye mwanafunzi wangu mwingine wa zamani aliniambia kwamba yule kijana aliacha kazi mwaka wa kwanza tu. "Mkaguzi alipoingia darasani, yeye alitetemeka, Mwalimu, hadi chaki ikamwanguka. Mwenyewe alisema chuoni waliona mapema kwamba hawezi."

Nilikaa na maneno hayo majuma kadhaa. Nilijiambia huenda kuna sababu nyingine. Mwishowe nilipanda basi la asubuhi kwenda Izigo.

Nilimkuta kwenye kibanja, akikata majani makavu ya migomba. Alifurahi kweli kuniona, na furaha ile ilinichoma. Nilimweleza hapohapo, nimesimama, kabla hajanikaribisha ndani. Nilimweleza juu ya zile buni, watoto, karatasi, na sababu.

Alilichomeka panga kwenye mgomba.

"Kwa hiyo nilikuwa naweza," alisema.

"Ulikuwa unaweza kuliko wote."

"Mwalimu, mimi nilikuwa naamka alfajiri kule Muleba najifunza kupaza sauti, peke yangu, porini. Watoto wakicheka nilidhani wananicheka." Kisha akasema, "Njoo umwambie tata."

Baba yake alikuwa barazani. Alinitolea kahawa ya kutafuna, kama desturi yetu kwa mgeni. Sikuthubutu kuichukua. Nikasema yote tena, kwa Kihaya safari hii, na kwa Kihaya hakukuwa na maneno ya ofisini ya kujifichia. Nilimwita kwa neno letu la heshima, nikasema, "Waitu, nilimsingizia mwanao."

Mzee hakunitukana. Alimgeukia mwanawe. "Miaka yote hii nimekuita mwoga mbele ya watu," alisema. Aliinuka akaingia ndani, na hakutoka tena hadi nilipoondoka.

Nilirudi nikamwambia mkuu wa chuo. Aliandika barua kuomba kijana apewe shule nyingine, na ikapatikana, jirani kabisa na kwao. Jibu lililoletwa kutoka Izigo lilikuwa fupi: anashukuru, kahawa yake imeanza kuzaa, na hataki tena kazi ambayo mtu mmoja anaweza kumnyang'anya kwa kalamu.

Mimi sikunyang'anywa chochote. Mkuu alisema nisiandike tena ripoti za wachezaji wangu, basi. Niliendelea kushika filimbi miaka mingi, na timu zangu zilishinda mara nyingi. Nilisubiri mtu aniulize juu ya ripoti ile, hakuna aliyeuliza.

Mara moja tu, mchezaji wangu mmoja aliyekuwa akienda mazoezi ya kufundisha alinijia kwa unyonge. "Mwalimu, wengine unakwenda kuwatazama. Kwangu mbona huji? Nimekukosea?"

Nilimwambia nina kazi nyingi za mpira. Aliniamini, akaenda zake.