Blanketi la Kabula

Harufu ya mavi ya tembo yakiungua sitaisahau mpaka nife. Inanuka nyasi mbichi zilizotupwa motoni, halafu inakaa kooni inakataa kutoka. Bibi yangu mzaa baba aliyanunua mnadani kwa watu waliotoka upande wa Serengeti, akayatunza kwenye kibuyu, maana kwetu Bujora mtoto akishikwa na degedege dawa yake ilikuwa moshi ule. Masika moja, nikiwa bado mtoto, mvua ilinyesha mpaka majaruba ya mpunga yakafurika, na mbu walikuwa wengi, ukifungua mdomo wanaingia. Mdogo wangu Kabula alikuwa ameanza tu kutembea. Asubuhi moja alikataa uji, akakataa kunyonya, akalala mkekani macho yamelegea. Nilimgusa tumbo nikarudisha mkono haraka, kama niliyeshika sufuria iliyo motoni.

Sasa sikilizeni tulivyofanya, maana ndivyo kila nyumba ilivyofanya. Mtoto anatetemeka, tukasema ana baridi. Bibi akamfunika blanketi zito la kijivu, juu yake kanga mbili za mama, mlango ukafungwa, dirisha likazibwa kwa gunia ili upepo usimpige. Maji akanyimwa, ati yatampoza tumbo. Mtoto anachemka kama chungu, na sisi tunaongeza kifuniko! Jua lilipofika utosini Kabula akakakamaa. Macho yakageuka meupe, mikono ikarukaruka, povu likamtoka. Shangazi akamsukumia kijiko mdomoni, kikamvunja jino. Bibi akamwaga yale mavi juu ya makaa, akamshikilia mtoto katikati ya moshi. Nilijibanza nyuma ya mtungi nikilia. Moshi ulikuwa unaniua mimi mzima, sembuse yeye.

Mama alikuwa mtu wa sauti ndogo, mbele ya mama mkwe wake hainui uso. Siku hiyo aliuinua, akamwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma chetu.

"Mayu, nampeleka zahanati Kisesa."

"Wakamchome sindano?" Bibi akang'aka. "Mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa pale pale! Unataka kuniulia mjukuu?"

"Na humu ndani, Mayu, anapona?"

"Haya, nenda! Akifa usimlete hapa. Mkamzike huko kwenu."

 Mama alilivuta lile blanketi likaangukia majivuni, akambeba Kabula uchi kifuani, akatoka. Nikamkimbilia nyuma kwenye tope. Aliwapita wazee waliokaa mlangoni pa duka bila kuwapa shikamoo, jambo ambalo kwetu ni aibu kubwa, mpaka mmoja akafoka, "Wee binti, umerukwa na akili?" Mama alikuwa na neno moja tu, "Pumua. Pumua." Sijui alimwambia mtoto au alijiambia mwenyewe.

Muuguzi alimlaza Kabula kwa ubavu, akamfuta povu, akaandaa sindano. "Mbona mmechelewa hivi, mama?" Mama akakaa sakafuni. Kabula alichomwa, na hakufa. Lakini tuliporudi naye nyumbani, tukimwita hageuki. Tukigonga sufuria nyuma ya kichwa chake, hageuki. Bibi akatangaza kijiji kizima, "Si niliwaambia? Sindano imemla masikio." Watu wakamwamini. Masika hayo hayo majirani zetu wakamficha mtoto wao na homa yake ndani ya blanketi, na tukaenda kumzika. Hapo ndipo ninapoumia hadi leo. Malaria iliachwa impande mdogo wangu kichwani, ikamla masikio, lawama ikabebwa na sindano.

Siku hizi naishi Ilemela kwa mwanangu, kwenye nyumba iliyokalia mawe, ziwa naliona nikiwa kitandani. Nina wajukuu wazuri, acheni nijivune. Kabula ninaye hapa hapa, naye ni bibi kama mimi. Majuzi mjukuu wetu mdogo alipata homa, mama yake yuko kazini. Akaanza kutetemeka, na mkono wangu huu, pamoja na yote niliyoyaona, ukaenda moja kwa moja kwenye blanketi. Kabula akanichapa kofi mkononi. Akamvua mtoto sweta na soksi, akafungua dirisha, akamnywesha maji kidogo kidogo, akanipa ile dawa ya maji ya homa nimpimie kama mkwe wangu alivyotufundisha. Hakusubiri homa ishuke. Akanionyesha mlango, twende. Zahanati wakamtoboa kidole, malaria ikaonekana, akaanza dawa hapo hapo.

Watu wananiambia siku hizi watoto wanapona kwa sababu dawa zipo na vipimo vipo. Kweli vipo. Lakini hata siku ile zahanati ilikuwepo Kisesa, tungeweza kufika uji wa asubuhi haujapoa. Mjukuu wetu alipoamka homa imeshuka, aliita kwa nguvu, "Bibi!" Tulikuwa mabibi wawili chumbani. Niligeuka mimi peke yangu.