Laini Zisizotumika

Saa mbili kasorobo asubuhi, Shangazi Haloo anaingia kwenye chumba chake chini ya ngazi, anatundika mkoba kwenye msumari, kisha anaufuta ubao wa simu kwa kitambaa kibichi. Anafuta kitufe kimoja kimoja, na taa ndogo moja moja, kama anamnawisha mtoto uso. Halafu anavaa spika zake za masikioni, anakaa, anasubiri.

Anasubiri sana.

Yeye ndiye mwunganishaji simu wa kampuni hii ya vipuri vya mashine, kazi aliyoianza akiwa msichana wa miaka ishirini na miwili. Zamani, anasema, ilifika saa nne hata mate hajameza. Kila mteja alipitia sikioni mwake kwanza ndipo ampate mtu wa ghalani au mhasibu. Jina la Haloo alipewa wakati huo, maana hata harusini mtu akimgusa bega aliitika hivyo.

Siku hizi kila mtu ana simu yake ya mkononi, na leo simu ya kwanza hapa inaita saa tatu na nusu. Mtu anatafuta duka la magodoro, ambalo namba yake inafanana na ya hapa. Shangazi hamfokei. Anamuuliza anataka la ukubwa gani, anamweleza la inchi nane ni gumu kwa mgonjwa wa mgongo, kisha anamtajia namba sahihi.

"Siku hizi nauza magodoro nisiyoyaona," anasema. "Afadhali hiyo kuliko kukaa kimya. Kimya kinanitisha."

Je, watu wanaukumbuka ubao huu? Mwandishi wa makala haya alipanda ofisi za juu kuuliza na akashuka akiwa hajui aandike nini. Mhasibu alicheka kwanza. Alisema enzi zile akitaka kuongea na mkewe ilibidi apitie kwa Shangazi, na wakigombana jioni, asubuhi Shangazi anamuuliza kama wameshapatana. Kukumbuka nini hapo? Kisha mhasibu huyohuyo akasema siku hizi wakigombana hakuna anayeuliza, na hilo nalo linamuudhi. Sasa mtu kama huyo utamweka upande gani?

Shangazi mwenyewe ukimuuliza, naye anakwama. Sikio la kushoto linamuuma kwa sababu ya kazi hii, na kuna siku aliwahi kuomba Mungu simu zipungue. Zimepungua. "Sijui kama naipenda au nimeizoea tu," anasema. "Hata mume wangu nimewahi kumuuliza. Akasema swali hilo hilo analo juu yangu."

Lakini kuna jambo linalomkosesha usingizi kwelikweli, nalo lilianzia kwenye kikao cha wafanyakazi wiki mbili zilizopita. Kikao kikiwa kinaisha, meneja alifunga faili lake, akasema, "Na jambo la mwisho. Laini zote zisizotumika zitafungwa mwisho wa mwezi. Kuna swali?"

Hakuna aliyeuliza. Kila mtu alielewa, na kila mtu alielewa lake.

Vijana wa mauzo walijua ni laini za simu za mkononi walizogawiwa na ofisi, wakaenda kuziweka vocha mbiombio. Mama wa chai alijua ni laini ya watu wanaopanga foleni dirishani kwake saa nne, akakasirika siku nzima kwamba chai yake inasemwa haina wanywaji. Shangazi Haloo alijua ni laini zake, kwa sababu kwake neno hilo halijawahi kuwa na maana nyingine.

Amebakiza miaka mitatu kustaafu. Kitinda mimba wake yuko mwaka wa pili chuo cha uuguzi, na ada inameza theluthi mbili ya mshahara. Mumewe ni fundi cherehani ambaye macho yamemtupa mkono, siku hizi anashona vifungo tu. Ubao ukizimwa, binti anarudi nyumbani.

Sasa, si aulize? Hapo ndipo penye kizungumkuti. Mama wa chai kila akileta kikombe anamwambia kuuliza si ujinga. Shangazi anamjibu kwamba aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Huenda meneja amesahau kama kuna mtu chini ya ngazi. Akiuliza, atamkumbusha.

Amekaa na hofu hiyo wiki mbili. Lakini leo, labda kwa sababu mgeni anamtazama, labda kwa kuchoka tu, anaweka chini kikombe alicholetewa sasa hivi na mama wa chai na kubonyeza kitufe cha ofisi ya meneja. Simu inaita huko juu, tunaisikia hadi huku ngazini. Inaita mpaka unajua kuna mtu anaitafuta ilipo.

"Haloo? Nani?" Sauti ya meneja inavuja kwenye spika, tunaisikia hata sisi.

Shangazi anakaa wima. Sauti inayomtoka ni ya kazini, safi, wala haitetemeki. "Habari za asubuhi, bwana meneja. Una simu."

"Kutoka wapi?"

"Kutoka hapa hapa chini, bwana."

Anamuuliza kuhusu laini. Meneja anaeleza kwamba alikusudia zile za mkononi, vijana wamezilaza makabatini na ofisi inazilipia. Shangazi anafumba macho kwa shukrani. Ndipo meneja anauliza, kwa upole, kama mtu aliyekumbuka kitu, "Kwani zako hazitumiki?"

Mama wa chai, ambaye bado yuko mlangoni, anajishika mdomo. Shangazi akisema zinatumika, ni uongo mtupu. Akisema hazitumiki, amejifukuza kazi mwenyewe.

"Zinatumika, bwana," anasema Shangazi. "Si ndiyo tunazungumza?"

Meneja anasema, "Haya," na kukata.

Haya gani? Wote watatu tunatazamana. Mama wa chai anaapa alisikia kicheko. Mwandishi alisikia karatasi ikifunuliwa. Shangazi, mwenye sikio lililosikiliza watu maisha yake yote, anasema safari hii hajui, kwa kweli hajui.

Ila mpango anao. Anavuta kiti karibu na ubao na kurekebisha spika masikioni.

"Kuanzia sasa nitawapigia wote, ofisi moja moja, niwasalimie," anasema. "Mwisho wa mwezi nataka waseme zinatumika, wala nisiwe nimedanganya."

Anabonyeza kitufe cha kwanza. Huko juu, simu inaanza kuita.