Gari Lililomkataa Mama wa Keza

Mimi ni fundi wa magari hapa Ngara mjini, na nikisema gari limepona, limepona. Watu wanasema nina maringo, nami sikatai. Nilizaliwa Runazi, kule Biharamulo, nikajifunza kazi kwenye malori ya mahindi nikiwa chini ya mafundi waliokuwa wakali kuliko mimi, na sijazoea kumwambia mtu kwamba gari lake limenishinda. Kwa hiyo nilikasirika sana gari dogo jeupe la mzee mmoja wa Keza lilipozoea kurudi gerejini kwangu na ugonjwa uleule.

Mzee huyo alikuwa ameendesha pikapu ya mizigo karibu maisha yake yote. Gari jeupe alinunuliwa na watoto wake baada ya mkewe kupata kiharusi. Ugonjwa ulichukua upande wa kushoto wa mama, mkono na mguu, na tangu hapo hakuweza tena kukaa kwenye pikipiki, ambayo ndiyo usafiri wa kwao. Bila gari asingefika kanisani, wala asingefika Kabanga kwa dada yake, ndugu pekee wa tumbo moja aliyembakia. Gari lile lilikuwa miguu yake, na mzee alilitunza kwa wivu.

Gia zake ndizo zilizowachanganya mafundi wengi. Halina pedali ya klachi, basi watu wanaliita otomatiki na kulitibu kama otomatiki, wanamwaga mafuta yasiyohusika wakitegemea miujiza. Ukweli ni kwamba ndani mna gia za kawaida na klachi ya kawaida kabisa, isipokuwa kazi ya mguu na ya mkono imepewa vimota vinavyoongozwa na kompyuta. Ukipenda unaliachia libadilishe lenyewe. Ukipenda kuamua wewe, unasogeza fimbo ya gia pembeni, kisha unaigonga mbele kupandisha na nyuma kushusha. Mimi magari ya namna hiyo nayaelewa vizuri, ndiyo maana mzee aliletwa kwangu.

Malalamiko yake yalikuwa haya: gari linakwenda vizuri, halafu katikati ya safari gia inaruka yenyewe kwenda frii, yaani bila gia yoyote, taa inawaka kwenye dashibodi, na injini inabaki kupiga kelele za bure. Nilipima betri, ilikuwa nzima. Nilikagua klachi, ilikuwa bado nene. Nilichomeka mashine ya kusomea makosa, ikaniambia shida iko kwenye fimbo ya gia, kwamba kompyuta haijui fimbo imewekwa wapi. Nikafungua chini ya fimbo, nikasafisha soketi, nikabadilisha waya uliochubuka, nikalijaribu gari mlimani. Likapanda bila kusita. Mzee akashukuru, wakaondoka, na baada ya muda mfupi wakarudi wakivutwa na lori la mkaa.

Hali ikawa hiyo. Kila wakija, vijana wangu walimtoa mama garini kwa heshima zote, wakamkalisha kwenye kiti kizuri cha gereji, chenye mto, wakamletea soda. Kwetu huwezi kumwacha mama mgonjwa ndani ya gari bovu huku wanaume wakiligongagonga. Mimi na mzee tulikwenda kulijaribu, likatii kila amri, tukarudi, mama akapandishwa, wakaenda zao. Nilibadilisha hata kile kidude kinachosoma mahali ilipo fimbo, nikamwambia mzee kwa sauti kubwa, ili gereji nzima isikie, kwamba sasa tumemaliza. Hatukuwa tumemaliza.

Mara ya mwisho mzee alikuja peke yake. Gari lilikuwa zima. Aliniomba nimzimie ile taa ya dashibodi tu, kwa sababu amepata mnunuzi Kabanga.

"Unauza?" nikamwuliza.

"Mke wangu amesema niuze. Anasema gari limemkataa yeye."

"Limemkataa kivipi, mzee?"

"Nikiwa peke yangu halisumbui. Nikiwa na wewe halisumbui. Akiingia yeye tu, halifiki. Sasa amesema hapandi tena. Jumapili mbili hizi amebaki nyumbani."

Nilipandwa na hasira, na sehemu kubwa ilikuwa hasira juu yangu mwenyewe. Habari muhimu kuliko zote nilikuwa nimeikalisha kwenye kiti chenye mto na kuinywesha soda. Nilimwambia mzee kwamba gari lililonishinda mimi haliuzwi, nikachukua mashine yangu, nikaingia, nikamwambia twende Keza. Njia nzima likatembea vizuri, kama kunikejeli.

Tulimkuta mama uani akichambua maharage kwa mkono mmoja, ungo ukiwa mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuliaga?"

"Nimekuja kukuomba upande."

Akatikisa kichwa. "Nikipanda litagoma. Mmeona wenyewe. Kitu kikishakukataa, unakiacha."

"Ndicho ninachotaka, mama. Gari zima siwezi kulitibu. Nisaidie liharibike."

Alinitazama kwa muda, kisha akacheka kidogo kwa upande mmoja wa uso. Mumewe akaleta fimbo yake ya kutembelea, tukamsaidia kukaa mbele, kushoto kwa dereva. Mimi nikakaa nyuma na mashine yangu mapajani, waya ukipita katikati ya viti. Nilichagua kutazama kioo cha mashine na kuacha kila kitu kingine, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa kutafuta ugonjwa unaokuja na kuondoka.

Njia ya kutoka kwao ina makorongo. Korongo la kwanza, gari likainama, na kwenye mashine nikaona fimbo ya gia imeacha mahali pake, haiko huku wala kule. Ikarudi. Korongo la pili ikatoka tena, ikakaa. Taa ikawaka, gia ikaenda frii, injini ikapiga kelele. Mama akasema kwa sauti ndogo, "Si niliwaambia?"

Nikainua macho. Mkono wake wa kulia, huo mmoja uliobaki mzima, ulikuwa umeshika fimbo ya gia kwa nguvu zote. Angeshika nini kingine? Mshikio wa mlangoni uko kushoto, na mkono wa kushoto ulikuwa umelala mapajani. Kila gari lilipoyumba alijizuia kwa kitu kilichokuwa karibu, na mzee, macho barabarani na mikono yote miwili kwenye usukani, hakuwahi kuona. Springi ya chini ya fimbo ilikuwa imelegea, basi uzito wa mtu uliivuta nusu njia, na kompyuta isipoelewa dereva anataka nini, inaweka frii kwa usalama. Kompyuta ilikuwa imesema kweli tangu mwanzo. Sisi ndio tuliokuwa tunamshusha mama kila tulipokwenda kuusikiliza ugonjwa.

Nilipowaeleza hayo, mama aliiachia fimbo haraka kama aliyeshika sufuria ya moto.

"Kwa hiyo ni mimi kweli," akasema.

"Ni springi, mama. Springi nzima ingekustahimili."

"Na mkono wangu."

Mzee alizima injini, akamwambia mkewe, "Ungeniambia unayumba." Mama akamjibu kwamba angemwambia, mzee angeendesha polepole zaidi, na kanisani wangefika wakati watu wanatoka.

Nilifuta kosa kwa mashine, gari likaondoka, na siku iliyofuata walikuja gerejini wote wawili. Nilitoa springi kwenye gari kuukuu la aina ileile, nikaifunga. Kisha nikatengeneza mshikio wa chuma, nikaufunga imara chini ya dashibodi upande wa kulia wa mama, nikauvika mpira wa usukani wa pikipiki ili usimuumize kiganja. Ulikuwa mshikio mzuri. Niliupiga rangi, na vijana wangu walikuja kuutazama mmoja mmoja kama wanaotazama mtoto mchanga.

Tukaenda kuujaribu kwa safari ya kweli, Kabanga kwa dada yake, mimi nikiwa tena kiti cha nyuma. Mama alishika mshikio, akapita kwenye matuta yote bila kuyumba, nami nikaanza kujisifu kimoyomoyo. Kwenye mlima mmoja gari likasitasita. Magari haya yana tabia hiyo, kompyuta inashindwa kuamua mapema ishushe gia au ivumilie. Nikamwambia mzee asogeze fimbo pembeni na kuigonga nyuma. Lakini tulikuwa kwenye kona, lori linateremka, na mzee hakutaka kutoa mkono kwenye usukani.

Mama akaachia mshikio wangu. Akaisogeza fimbo pembeni, akaigonga nyuma mara moja, akaiachia. Gia ikaingia, gari likavuta. Juu ya mlima akaigonga mbele, kwa wakati wake hasa, kabla mimi sijafungua mdomo kumwelekeza.

"Umejuaje?" mzee akamwuliza.

"Nimekaa kando yako kwenye pikapu miaka yote ile," mama akasema. "Masikio yangu hayakuugua."

Mzee alikanyaga mafuta, mama akapandisha. Mzee aligusa breki, mama akashusha, na hakukosea. Klachi haikuhitaji mguu wa mtu yeyote, na fimbo ilihitaji mkono mmoja tu. Nilizima mashine yangu kwa sababu haikuwa na cha kuniambia. Pale Kabanga dada yake alitoka nje kutupokea, na neno la kwanza mama alilomwambia lilikuwa, "Nimeendesha."

Gari halikuuzwa. Siku za soko huwa naliona likipita mbele ya gereji, nami husimama barabarani nipate salamu zangu. Juzi lilipita likianza kupanda mlima. Kwenye mshikio wangu, ule wa rangi na mpira, mama alikuwa ametundika mkoba wake. Nilimpungia. Aliniona, akaniinulia kidevu, akatazama tena mbele. Mkono hakuninyanyulia, ulikuwa kazini.